WMA, hati ya malisho, mkataba wa nyanda au msitu wa kijiji: kijiji jirani na hifadhi kichague njia ipi?

Ukiitazama Hifadhi ya Taifa Tarangire mwezi Septemba utadhani inajitosheleza. Mto una maji wakati kwingine kote kumekauka, tembo wanachimba mchanga kutafuta maji safi, nyumbu na pundamilia wametapakaa kila upande. Rudi Februari uwatafute. Wengi wametoka. Wapo waliokwenda upande wa Ziwa Manyara kupitia ushoroba (njia ya wanyama) wa Kwa Kuchinja, na wapo waliovuka kwenda mashariki, nyanda za Simanjiro, kwenye nyasi fupi zenye fosforasi nyingi kuliko za ndani ya hifadhi. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha anaihitaji sana. Huko ndiko wanakozalia. Na huko si hifadhini. Ni ardhi ya vijiji, yenye maboma, ng'ombe, shule na ofisi ya mtendaji.

Kwa hiyo Tarangire, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, inategemea maamuzi ya mikutano mikuu ya vijiji. Nyanda zikigawiwa mashamba makubwa ya maharage, kama ilivyotokea Lolkisale, nyumbu anakosa pa kuzalia na mfugaji anakosa pa kupeleka mifugo masika. Ndiyo maana serikali, mashirika na kampuni za utalii huja kijijini kila mmoja na karatasi yake, na kila karatasi inaitwa uhifadhi shirikishi. Ukizisoma, zinafanana jina tu.

Hapa ninazilinganisha njia nne ambazo kijiji cha Tanzania kinaweza kuzichagua kweli: WMA (Wildlife Management Area, eneo la wanyamapori linalosimamiwa na jumuiya ya vijiji kadhaa), hati ya kimila ya kikundi inayolinda malisho, mkataba wa nyanda kati ya kijiji na kampuni za utalii, na msitu wa hifadhi wa kijiji. Nawaandikia wajumbe wa halmashauri za vijiji, na yule kijana aliyesoma ambaye hupigiwa simu arudi nyumbani awasomee wazee mkataba. Msimamo wangu nauweka mapema: kiasi cha fedha liwe swali la mwisho. La kwanza ni nani atakuwa na kalamu mkishasaini, na kama mtaweza kutoka mambo yakiharibika.

Kabla ya yote: mpaka na mpango

Njia zote nne zinapita mlango mmoja, yaani cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaeleza jinsi ya kupanga wapi ni makazi, wapi mashamba, wapi malisho, wapi akiba. Kijiji chenye mgogoro wa mpaka na jirani yake kisianze kuzungumza na mwekezaji hata siku moja. Mwekezaji atakuja na ramani yake, jirani atakuja na mawakili wake, na nyinyi mtabaki mnaulizana jiwe la mpaka lilikuwa kwenye mgunga upi.

Jambo la pili wengi hulisahau: ulizeni kama ardhi yenu haijalaliwa na pori tengefu, yaani eneo la wanyamapori lililotengwa na serikali nje ya hifadhi za taifa. Vijiji vingi vya Monduli, Simanjiro na Longido vimo ndani ya ramani za mapori tengefu ya tangu ukoloni, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ilibana kilimo na malisho ndani ya maeneo hayo. Ramani mbili juu ya ardhi moja ni hatari, hata kama kwa miaka yote hakuna aliyewasumbua.

Kwa haraka

| Njia | Nani anasimamia eneo | Mifugo | Fedha inapita wapi | Kutoka |
|---|---|---|---|---|
| WMA | Jumuiya ya vijiji kadhaa | Kwa msimu, au hapana | Serikalini, kwenye jumuiya, kisha kijijini | Kugumu sana |
| Hati ya kimila ya kikundi | Kikundi cha wanakijiji | Ndiyo, ndiyo kazi yake | Hakuna, mpaka mpate mradi kama wa kaboni (kulipwa kwa kutunza pori) | Hakuna mkataba wa kutoka |
| Mkataba wa nyanda (mfano wa kijiji cha Terrat) | Kijiji | Ndiyo | Kampuni moja kwa moja hadi kijijini | Muda ukiisha |
| Msitu wa hifadhi wa kijiji | Kijiji | Kwa sheria ndogo | Mnunuzi hadi kijijini | Kupitia mkutano mkuu na taratibu za wilaya |

Jedwali linadanganya kidogo kwa sababu linazifanya njia zote zionekane zina uzito sawa. Hazina. WMA ndiyo inayohitaji maneno mengi, kwa kuwa ndiyo inayotoa zaidi na ndiyo inayochukua zaidi.

WMA: haki juu ya wanyama, kwa bei ya kalamu

Jumuiya za hifadhi ya wanyamapori zilianzia kwenye Sera ya Wanyamapori ya 1998, kanuni za kwanza zikatoka 2002, na leo ziko zaidi ya ishirini: Burunge na Randilen pembeni ya Tarangire, Enduimet kati ya Kilimanjaro na Amboseli, Ikona na Makao upande wa Serengeti, Makame kule Kiteto, Pawaga-Idodi jirani na Ruaha. Kwa kawaida vijiji kadhaa hutenga kila kimoja sehemu ya ardhi yake, vinaunda jumuiya moja yenye katiba, jumuiya inaidhinishwa na wizara, kisha inapewa haki ya matumizi ya wanyamapori na Mkurugenzi wa Wanyamapori. Hapo ndipo inaweza kuingia mkataba na mwenye kambi ya watalii au kampuni ya uwindaji.

Faida yake kubwa haipatikani kwenye njia nyingine yoyote. Wanyama wa Tanzania ni mali ya umma, na kijiji kilicho nje ya WMA, hata kama tembo wanalala mlangoni pa shule, hakina haki ya kisheria ya kuwafanyia biashara. Zamani baadhi ya vijiji vilisaini moja kwa moja na kampuni za utalii. Robanda, kando ya Serengeti, na Ololosokwan, kule Loliondo, walijipatia fedha nzuri kwa njia hiyo. Kanuni za utalii usio wa uwindaji za 2007 zikaleta utaratibu wa ada kulipwa serikalini, na mlango ule ukabanwa. Anayewaambia leo kwamba mtasaini wenyewe na kampuni kama Robanda ya wakati ule, mwambieni awaonyeshe kifungu.

Faida ya pili ni ulinzi. WMA yenye mapato huajiri askari wa wanyamapori wa vijiji, vijana wa palepale, wenye sare na redio. Hao ndio wanaofika usiku tembo wakiingia kwenye mahindi, maana gari la wilaya likipigiwa simu saa nne za usiku huwa halina mafuta. Kijiji kilicho peke yake kwa kawaida hakiwezi kuwalipa.

Sasa gharama. Baada ya kusaini, mwekezaji hazungumzi na halmashauri ya kijiji tena. Anazungumza na jumuiya, ambamo kijiji chenu kina wawakilishi wachache kati ya wengi. Fedha inaingia kwenye mfumo wa malipo wa serikali, inakatwa mafungu ya serikali kuu na ya wilaya, inayobaki inarudi kwenye jumuiya, na jumuiya inagawa. Kanuni zilizotungwa 2012 zilitaka angalau nusu ya mapato ya jumuiya iende kwa vijiji wanachama. Tufanye hesabu ya mfano tu: jumuiya imepokea shilingi milioni 200, nusu ni milioni 100, vijiji ni kumi. Kila kijiji kinapata milioni 10. Kijiji chenye watu 3,000 kimepata kama shilingi 3,300 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Inatosha kuezeka darasa. Mtu aliyepoteza ekari mbili za mahindi haioni.

Halafu kuna mgao wa sawa kwa sawa. Kijiji kilichotoa kipande kikubwa chenye kambi tatu za watalii kinapata sawa na kile kilichotoa kichaka cha pembeni. Minjingu walilijua hilo. Wao walikuwa na mapato ya utalii kwenye ardhi yao kabla ya Burunge kuanza kazi, na walipoona fedha hiyo inagawanywa kwa wote walitaka kutoka. Hawakufanikiwa. Vilima Vitatu, kijiji kingine cha Burunge, kesi ya wafugaji wa Kibarabaig waliotakiwa kuondoka ilipanda hadi Mahakama ya Rufani. Mwenye kutaka kujiunga na WMA akawaulize watu wa vijiji hivyo, asiishie kwenye semina ya hotelini Arusha.

Kwa haki niseme na upande wa pili. Randilen ilianza kwa upinzani mkali, watu wakiamini wanaporwa, na leo ni mojawapo ya WMA zinazotajwa kwa uendeshaji mzuri, zenye hesabu zinazosomwa hadharani. Tofauti ya Randilen na zile zinazolalamikiwa haiko kwenye sheria, maana sheria ni ileile. Iko kwenye mambo ambayo kijiji kinaweza kuyakagua kabla: je, jumuiya ina meneja anayeajiriwa kwa sifa au ni mwenyekiti anayefanya yote? Je, taarifa ya mapato na matumizi inabandikwa kwenye ubao wa kila kijiji? Je, malisho ya msimu yameandikwa ndani ya mpango wa kugawa eneo katika kanda za matumizi, kama Randilen na Enduimet walivyofanya, au yameachwa kwa hisani ya askari wa zamu? Ahadi ya mdomo kwamba ng'ombe wataruhusiwa kiangazi haina thamani siku ng'ombe wakikamatwa.

Mifugo ndilo jambo linalovunja WMA nyingi za wafugaji. Mwenye kambi anataka watalii wasione ng'ombe. Mfugaji anataka majani ya akiba mwezi wa Oktoba. Wote wawili wamesaini karatasi moja, na kila mmoja anaamini karatasi inamlinda yeye.

Hati ya kimila ya kikundi: kinga kwanza, fedha baadaye

Njia hii haianzi na mnyamapori. Inaanza na malisho au, kwa Wahadzabe, na pori la kuwinda na kuchimba mizizi. Sheria ileile ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa kwa kikundi, siyo kwa mtu mmoja tu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, walipata hati ya namna hiyo kwa zaidi ya hekta 20,000, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team la Arusha. Wafugaji wakaifuata. Mwaka 2016 Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira kwa kazi hiyo, wakati ekari zaidi ya 200,000 zikiwa tayari zimelindwa kwa hati.

Kinachofanyika ni hiki. Eneo la malisho linatolewa kwenye ramani ya jumla ya ardhi ya kijiji na kupewa mwenye jina: kikundi chenye katiba, orodha ya wanachama na kamati. Tangu siku hiyo mwenyekiti wa kijiji hawezi kumkatia mgeni ekari hamsini humo kwa bahasha, kwa sababu ardhi ile haiko mkononi mwake. Tuseme kweli, sehemu kubwa ya nyanda zilizopotea hazikuchukuliwa na serikali wala hifadhi. Zilikwenda kipande kwa kipande, kwa muhtasari wa kikao ambacho nusu ya wajumbe hawakukijua. Wafugaji wana alalili zao tangu zamani, malisho ya akiba ambayo haingii mtu kabla ya wakati, na laigwanan, kiongozi wa kimila wa Wamaasai, akisema imefungwa, imefungwa. Hati inaipa alalili nguvu mbele ya mtu asiyemjua laigwanan.

Kule Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikwenda mbele zaidi vikapanga malisho ya pamoja yanayovuka mipaka yao na kuyaita OLENGAPO. Hilo ni muhimu kwa sababu ng'ombe, kama nyumbu, hajui kijiji kinaishia wapi. Hati ya kijiji kimoja inayokata njia ya kwenda kwenye maji ya kijiji cha pili italeta ugomvi.

Kasoro ya hati ni kwamba haina hela. Itawalinda, haitawajengea zahanati. Yaeda walipata dawa ya hilo kupitia kaboni. Kampuni ya Carbon Tanzania huuza vyeti vya hewa ukaa kutokana na pori lisilokatwa, na asilimia 60 ya mapato ya mradi ule hurudi kwa jamii. Vijana wa kijiji, Wahadzabe na Wadatoga, hutembea porini wakirekodi kwa simu kila shamba jipya, kila mti uliokatwa, kila alama ya mnyama. Kumbukumbu hizo ndizo zinazoonyesha kama pori bado lipo, na malipo yanategemea pori. Fedha imelipa matibabu na ada za wanafunzi. Mradi ulianza na eneo dogo la Wahadzabe, sasa umefika vijiji 12 na hekta 110,500 za Yaeda na Eyasi. Milima ya Ntakata, kwenye njia ya wanyama kati ya Mahale na Katavi, inafanya biashara ya namna hiyo, na Makame wameunganisha WMA na kaboni.

Ila kaboni imeshawaletea vijiji wageni wengi, na si wote wa kuaminika. Ziko karatasi zinazomfunga mfugaji kwa miaka 30 au 40, zenye masharti ya namna ya kuzungusha ng'ombe na malipo ya awali ya kuvutia. Kanuni za biashara ya kaboni za 2022 zinataka miradi isajiliwe. Anzeni kwa kuomba uthibitisho wa usajili. Kisha ulizeni bei ya kuuzia, siyo bei ya kuwalipa nyinyi tu. Asiyetaka kutaja bei anayouzia ana sababu yake.

Hati nayo isionwe kama ngome. Rais ana mamlaka ya kuhawilisha ardhi ya kijiji, yaani kuitoa mikononi mwa kijiji, kwa manufaa ya umma, na mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo ziliwekewa mipaka zikawa eneo la uhifadhi licha ya vijiji kudai ni zao. Hakuna njia hata moja kati ya hizi nne inayozuia hilo moja kwa moja. Hati inachofanya ni kumfanya anayetaka ardhi alazimike kupita mchana, mbele za watu, na kujibu swali la fidia.

Mkataba wa nyanda: Terrat

Hii naipenda kuliko zinavyoipenda taarifa za miradi, kwa sababu ni ndogo na inaeleweka. Mwaka 2005 kijiji cha Terrat, Simanjiro, kilikubaliana na kundi la kampuni za utalii zinazofanya kazi Tarangire. Kijiji hakikuuza haki ya wanyama; kiliahidi tu kwamba kwenye uwanda wa kama hekta 9,300 hakutalimwa, hakutajengwa makazi ya kudumu, hakutachomwa mkaa wala kuwindwa kiholela. Ng'ombe waliendelea kulisha kama kawaida. Kampuni ziliahidi kulipa kila mwaka takriban dola 4,500, pamoja na kugharamia vijana wa doria. Sukuro, jirani yao, wakaja kusaini baadaye.

Piga hesabu: ni chini ya nusu dola kwa hekta. Ukilinganisha, mpango wa Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ulioanza 2000, uliwalipa wenye ardhi wasiweke uzio dola nne kwa ekari kwa mwaka, yaani karibu dola kumi kwa hekta, karibu mara ishirini ya Terrat. Kwa macho ya mhasibu Terrat walipunjwa.

Lakini angalia kila upande ulitoa nini. Terrat hawakuwa wanataka kulima uwanda ule. Ni malisho yao ya masika, na baada ya kuzaa nyumbu hurudi hifadhini na kuwaachia. Waliogopa vitu viwili: kwamba siku moja uwanda utaongezwa kwenye hifadhi, maana wazo la kuigeuza Simanjiro eneo la uhifadhi lilishawahi kuzungumzwa, na kwamba wakulima wa nje wataumega. Mkataba uliwalipa kufanya kile walichokuwa wakikitaka, ukaandika wazi kwamba ardhi inabaki ya kijiji, na ukawapa sababu ya kumkatalia mwombaji wa shamba bila kugombana na yeyote: samahani ndugu, tumeshafungwa na mkataba. Kitengela iko kwenye mlango wa Nairobi, ardhi ina hati za watu binafsi, na mnunuzi wa kiwanja alikuja na mamilioni. Dola nne kwa ekari haziwezi kushindana na hizo. Uzio ukaendelea kupanda.

Ndiyo maana nasema fedha ni swali la mwisho. Malipo madogo yanatosha pale ambapo hamna mnachokiacha, na malipo makubwa hayatoshi pale ambapo soko la ardhi limeshafika.

Udhaifu wa mkataba wa namna hii ni kwamba unategemea nia njema ya kampuni na mwaka mzuri wa utalii. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, kila aliyekuwa akiishi kwa dola za watalii alipata somo, kuanzia Arusha hadi Maasai Mara. Kijiji kisiweke mshahara wa mwalimu kwenye fedha ya mkataba wa nyanda. Weka dawa za mifugo, madawati, vitu ambavyo vikikosekana mwaka mmoja hakuna shughuli inayosimama.

Wenzetu wa Kenya watauliza kwa nini tusifanye kama Naboisho, ambako wenye viwanja zaidi ya 500 wamekodisha karibu ekari 50,000 jirani na Maasai Mara na kila mmoja anapokea kodi yake mwenyewe kila mwezi. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye hati, na fedha haiozi ofisini. Lakini ulizaliwa baada ya ranchi za vikundi kugawanywa kwa watu binafsi, na majina kwenye hati nyingi yalikuwa ya wanaume. Tanzania ardhi ya malisho ya kijiji haijagawanywa hivyo. Kuigawa kwanza ili baadaye tuikodishe ikiwa imeunganishwa tena ni kuzunguka bila sababu.

Msitu wa hifadhi wa kijiji

Hapa nitapita haraka, maana si njia ya nyanda. Kijiji chenye miombo kinaweza, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, kuweka kamati ya maliasili, na kubakiza mapato ya mazao ya msitu huo. Suledo, Kiteto, yaani Sunya, Lengatei na Dongo, walipata Tuzo ya Ikweta mwaka 2002 kwa msitu wao. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, mwaka 2009 na kuuza mpingo kwa bei ambayo mpasua mbao wa kichochoroni hawezi kuitaja. Kwa vijiji vilivyo karibu na Hifadhi ya Taifa Nyerere, Mikumi au Ruaha, vyenye miti ya mbao na watalii wachache, ningeangalia hapa kabla ya kuangalia WMA. Kazi ni kusimamia uvunaji, na soko la mbao lina watu wagumu kuliko soko la utalii.

Basi, kipi?

Kama nyinyi ni wafugaji, wanyama wanapita msimu mmoja tu, na hofu yenu kubwa ni mashamba kumega malisho: hati ya kikundi kwanza, kisha mkataba mdogo wa nyanda juu yake kama kuna kampuni inayotaka. WMA haitawalipa kwa sababu mtalii haji wakati wa matope.

Kama mko kwenye ushoroba wenye wanyama mwaka mzima na barabara ya kwenda lango la hifadhi, WMA inastahili kufikiriwa. Ila pelekeni eneo ambalo mko tayari kulikosa. Kosa la vijiji vingi ni kuweka ndani ya WMA malisho pekee ya kiangazi kwa tamaa ya hekta nyingi. Malisho hayo yabaki nje, na yawe na hati yake.

Kama mna pori zito la miti na shinikizo la wakataji, hati na kaboni, au msitu wa kijiji, kutegemea kama miti yenu ina thamani ikiwa imesimama au ikiwa imekatwa kwa mpango.

Kama tayari mmegawa ardhi kwa mashamba hadi mpakani mwa hifadhi, hakuna njia hata moja kati ya hizi itakayorudisha nyanda. Hapo mazungumzo yenu ni ya kufukuza tembo na ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, na kifuta jasho chenyewe, kwa kanuni za 2011, kiliwekewa ukomo wa ekari tano na viwango vinavyopungua kadiri shamba linavyosogea hifadhi. Walio karibu kabisa na mpaka, ambao ndio tembo huanzia kwao, kwa kanuni hizo ndio waliopangiwa kidogo zaidi.

Chochote mtakachochagua, angalieni muhtasari wa mkutano mkuu siku ile ile, kabla watu hawajatawanyika. Akidi imetimia? Kina mama waliokaa chini ya mti upande wa pili wameandikwa kwenye mahudhurio au wamehesabiwa tu kwa macho? Ukubwa wa eneo umetajwa kwa hekta na kwa majina ya vilima na makorongo, au imeandikwa tu "eneo la kaskazini"? Muda wa mkataba upo? Utaratibu wa kujitoa upo? Nakala ya Kiswahili imesainiwa sawa na ya Kiingereza, na imeandikwa ipi itashinda zikitofautiana? Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, ya pili kwa mzee asiyekuwa kiongozi, ya tatu ipigwe picha na kuwekwa kwenye simu za watu watatu wasiokuwa ndugu. Watendaji huhamishwa, na kabati la ofisi ya kijiji lina mchwa.